Kupanda Got Asego na Kuzungukia Homa Bay kwa Siku Mbili: Mwongozo Kamili

Wanaoniuliza kuhusu Got Asego, kilima cha Homa Bay kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, huanza na lalamiko moja. Walifika Homa Bay, wakapanda kile kilima chenye umbo la pia iliyopinduliwa, jua likawachoma, kileleni wakakuta utusitusi mweupe badala ya ziwa, wakateremka kwa makalio, na jioni wakarudi Kisumu bila kuona ziwa dogo la Simbi Nyaima wala kula samaki wa maana. Wengine wamerudia safari mara ya pili na ya tatu, na mambo yakawa yale yale.

Nami huwauliza swali moja: mliondoka Kisumu saa ngapi? Jibu halibadiliki. Asubuhi, siku ile ile.

Hapo ndipo safari inapoharibika. Ukiondoka saa 2 asubuhi, ukasubiri matatu ijae, ukashuka Homa Bay kwenye saa 5, ukatafuta soda na mtu wa kukuonyesha njia, utaanza kupanda saa 6 mchana, wakati mbaya kuliko wote. Kilima hiki hupandwa alfajiri. Anayetaka kukipanda alfajiri hana budi kulala chini yake.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutumia ni huu: siku ya kwanza unapitia Simbi Nyaima ukielekea Homa Bay, unalala mjini, unapanda kilima kabla jua halijachomoza, unashuka kula samaki, kisha unachagua kivutio kimoja cha nyongeza au unarudi nyumbani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Viatu vilivyofunga kidole na kisigino, vyenye soli yenye meno. Raba kuukuu iliyoisha meno ni hatari kuliko unavyodhani. Ndara na patipati ziache chumbani.
- Maji lita 2 kwa kila mtu kwa ajili ya kilima peke yake. Usitegemee kupata maji njiani.
- Tochi ya kichwa, au tochi ya kawaida yenye betri mpya. Taa ya simu inakula chaji, tena inakunyima mkono mmoja.
- Suruali ndefu na soksi ndefu. Nyasi za huko zina mbegu zenye ncha zinazopenya kwenye kitambaa chepesi.
- Fimbo ya kuegemea, imara, inayokufika kiunoni au juu kidogo.
- Sweta nyepesi, kofia, na koti la mvua linalokunjika.
- Bandeji ya kufungia kifundo cha mguu, plasta, na dawa unazotumia kila siku.
- Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Ukanda wote wa ziwa una malaria mwaka mzima.
- Pesa taslimu za noti ndogo, pamoja na salio la M-Pesa. Mwenye boda au mama wa samaki anaweza kukosa chenji, na mtandao unaweza kugoma saa unapouhitaji.
- Chakula kikavu cha asubuhi: ndizi, njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa. Nyoyo ya jana ikifungwa vizuri inafaa sana, maana mahindi na maharagwe hukaa tumboni.

Mzigo wote uenee kwenye mkoba mmoja wa mgongoni. Mikono yote miwili iwe huru, isipokuwa ule ulioshika fimbo.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kufuata mvua

Mvua kubwa za ukanda huu hunyesha Machi hadi Mei, na nyingine hurudi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo asubuhi huwa shwari, kisha alasiri upepo wa ziwani hukutana na ule utokao mashariki, mawingu yakapanda, na ngurumo zikaanza. Kilima kilicho peke yake, chenye kichwa wazi, si mahali pa kuwa saa hiyo.

Januari na Februari njia ni kavu, lakini vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huziba macho. Mimi hupenda Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Na kama itakubidi kwenda msimu wa mvua, nenda asubuhi inayofuata usiku wa mvua kubwa: hewa huwa imeoshwa na visiwa vya mbali huonekana. Ila udongo utateleza, kwa hiyo jipe muda zaidi wa kushuka.

## Hatua ya 2: Tafuta mtu wa kukuongoza kabla hujafika

Usisubiri kufika chini ya kilima gizani ndipo uanze kuuliza. Siku ya kuweka chumba, mwombe mwenye nyumba ya wageni akuunganishe na kijana wa mtaa wa karibu na kilima. Zungumza naye mwenyewe kwa simu na mkubaliane mambo manne: malipo kamili, saa ya kukutana, mahali pa kukutana, na kwamba atashuka pamoja nawe hadi barabarani.

Hilo la nne watu hulisahau. Mwaka mmoja niliongozwa na kijana aliyetufikisha juu vizuri, kisha akasema amemaliza kazi yake akaondoka. Mpwa wangu, mwenye haraka ya ujana, akaona njia fupi upande mwingine akaishika. Tulimkuta katikati ya mteremko amekaa juu ya jiwe, kifundo kimevimba kama embe. Kumteremsha kulituchukua karibu saa mbili, naye hakwenda shuleni wiki nzima.

Vijia vya kilima hiki vimechongwa na mbuzi, wachunga ng'ombe na watu wanaopanda kusali. Vinapishana na kugawanyika. Kinachoonekana kama njia kinaweza kuishia kwenye mawe matupu, na usiku hutajua mpaka ufike.

## Hatua ya 3: Kisumu hadi Kendu Bay

Ondoka Kisumu saa 4 asubuhi. Hakuna haraka siku ya kwanza.

Ukifika steji, muulize konda waziwazi: "Gari hili linapitia Kendu Bay?" Kuna magari ya Homa Bay yanayofuata barabara ya Kisii, yakakuzungusha mbali na ziwa. Unataka linalopita Ahero, likakunja Katito, likavuka mto Sondu-Miriu na kufuata ukingo wa ghuba. Kaa upande wa kulia, ndio wa ziwani ukielekea Homa Bay.

Shuka Kendu Bay mjini. Kula chakula cha mchana hapo, pumzika kivulini. Mji huu una Waislamu wa siku nyingi na msikiti wa zamani, na Kiswahili chake ni chepesi kusikika, kwa hiyo mgeni asiyejua Dholuo, lugha ya Waluo, hapati taabu.

Unajua umefanya sawa kama hadi saa 8 mchana umeshiba, mkoba uko nawe, na umeshapatana na mwenye boda wa kukupeleka Simbi na kukungoja.

## Hatua ya 4: Simbi Nyaima, na jinsi ya kuiona kweli

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la kreta, kipande kifupi kwa boda kutoka Kendu Bay. Wageni wengi hufika, wanasimama ukingoni pale boda ilipowaacha, wanapiga picha mbili, wanaondoka wakisema ni dimbwi. Usiwe hivyo.

Fika kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Kisha zunguka hadi ukingo wa magharibi, ili jua liwe mgongoni pako na ziwa liwe mbele. Ukisimama upande wa mashariki saa hizo, mwanga utakupiga usoni na maji yataonekana kama bati. Ukiwa magharibi utayaona jinsi yalivyo: kijani kizito, kama mchuzi wa mlenda.

Kijani hicho ni viumbe vidogo sana vya majini vinavyostawi kwenye maji ya magadi. Ndivyo vinavyowaleta heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Hawakai Simbi tu: wanahama kati ya maziwa ya magadi, Nakuru na Bogoria yakiwamo, wakifuata chakula. Kwa hiyo unaweza kukuta mamia, unaweza kukuta wachache. Muulize mwenye boda kabla hujaondoka Kendu Bay kama wapo. Watu wa pale huwaona kila siku.

Ukiwakuta, simama kimya mbali nao kwa dakika kumi. Usirushe jiwe ili waruke upate picha. Ndege anayefukuzwa kila alasiri anapoteza muda wa kula, na hatimaye anahama. Tulia utazame wanavyokula: shingo imeinamishwa, kichwa kimepinduliwa juu chini ndani ya maji, mdomo ukichuja. Sauti yake ni ya chini, kama watu wengi wananong'ona kwa pamoja.

Tembea ukingoni taratibu. Chini ya saa moja utakuwa umelizunguka ziwa lote. Karibu na maji utaona povu jeupe na unga wa chumvi juu ya mawe. Usiyanywe maji hayo, wala usioge humo.

Mkikutana na mzee pale, msalimie kwanza. "Oimore, jaduong'" inatosha kufungua mazungumzo, na mama mtu mzima mwite mama. Kila mtu wa eneo hilo anakijua kisa cha bibi kizee aliyefika kijijini usiku wa sherehe akiomba hifadhi, akafukuzwa na wote isipokuwa mama mmoja, kisha mvua ikashuka na kijiji kikazama. Mwache akusimulie yeye. Kisa hicho kikisimuliwa ukingoni mwa maji yale, na msimulizi akikuonyesha kwa kidole mahali nyumba zilipokuwa, kina uzito ambao mimi siwezi kukupa.

Ondoka saa 11 jioni, urudi barabarani ukakamate gari la Homa Bay. Giza lisikukute ukingali unangoja gari.

## Hatua ya 5: Lala mapema, karibu na kilima

Chagua chumba chenye neti isiyo na tundu. Ikague kabla hujalipa: ishike dhidi ya taa, utazame na pindo la chini.

Kula chakula cha kawaida, cha mapema. Usiku wa kuamkia kilima si wa kujaribu chakula kipya wala wa kukesha. Kunywa maji glasi mbili kabla ya kulala. Wengi wanaoishiwa nguvu mlimani walianza kukauka tangu jana yake bila kujua.

Panga nguo, maji na tochi mlangoni. Mpigie kijana wako simu, mthibitishe saa.

## Hatua ya 6: Kupanda

Amka saa 10:45 alfajiri. Kula ndizi na njugu, kunywa maji. Mkutane chini ya kilima saa 11:20 na muanze saa 11:30.

Kwa nini saa hiyo? Homa Bay iko magharibi sana mwa nchi, kwa hiyo jua lake huchomoza baadaye kuliko la Mombasa kwa takriban dakika 20: kwa mwaka mzima ni kati ya saa 12:20 na saa 12:55 asubuhi. Mtu mwenye afya hupanda Got Asego kwa nusu saa hadi dakika 50. Ukianza saa 11:30 unafika mwanga wa kwanza ukianza kupasua, unavuta pumzi, unavaa sweta, ndipo jua linatoka.

Sehemu ya kwanza hupita karibu na mashamba na nyumba za watu. Tochi imulike chini, mazungumzo yawe ya sauti ndogo. Watu wamelala, na mbwa wana kazi yao.

Kisha mteremko unakaza. Hapa wageni hukosea jambo moja: wanakimbia dakika kumi za kwanza, halafu wanasimama kila hatua ishirini wakihema. Fanya kinyume chake. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuimaliza sentensi, punguza mwendo, usisimame.

Weka unyayo wote chini, si vidole tu. Kupanda kwa vidole huchosha misuli ya nyuma ya mguu, na misuli hiyo utaihitaji wakati wa kushuka. Panapokuwa na kokoto, panda kwa mshazari, kulia kisha kushoto, badala ya kwenda wima.

Usishike majani kujivuta. Nyasi hung'oka, na huwezi kuona kilicholala ndani yake. Kabla ya kuweka mkono juu ya jiwe, limulike. Mkiwa kundi, asiwepo mtu moja kwa moja chini ya mwenzake kwenye mawe yaliyolegea. Jiwe dogo likibingirika hatua kumi linaumiza.

Mara nyingine utakuta watu wanasali, pengine wamekesha kwa kufunga. Zima tochi, pita pembeni, usipige picha. Kwao kilima hiki ni mahali pa ibada kabla hakijawa cha mgeni kutembelea. Mimi nimewahi kukaa robo saa kusubiri kundi limalize wimbo wao, na sikupoteza chochote.

Acha kupanda, urudi, ikiwa: unasikia kizunguzungu au kichefuchefu ambacho hakiishi ukipumzika, unahisi kifua kinabana, au radi imeanza. Kwa radi, hesabu sekunde tangu umeme unapomulika hadi ngurumo isikike. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na mahali pako ni chini, si kileleni.

## Hatua ya 7: Kileleni, jua unatazama nini

Wengi hufika, wanapiga picha yao wenyewe, wanashuka bila kujua walichokiona. Tenga dakika 40. Vaa sweta, maana jasho likikutana na upepo wa asubuhi mwili unapoa ghafla.

Tazama kaskazini kwanza. Mlima mpana unaosimama kwenye rasi, ng'ambo ya maji, ndio Mlima Homa wenyewe, wenye urefu wa mita 1,751. Watu wengi huchanganya majina na kudhani wamesimama juu yake. Wewe uko Asego. Ule ni Homa.

Maji yaliyo mbele yako ni Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Geuka magharibi: zile safu ni vilima vya Gembe, na asubuhi iliyo safi utaona nyuma yake visiwa vya Rusinga na Mfangano vikielea kama vimetundikwa. Sogeza macho kusini-magharibi upate vilima vya Ruri, na ng'ambo yake Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma.

Sasa tazama chini, kwenye maji ya karibu na mji. Mabaka ya kijani yanayofanana na mashamba ni magugu maji. Njoo kesho yake utayakuta upande mwingine, kwa sababu upepo huyasukuma: usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hurudi kutoka ziwani. Yakiziba ufuo, mitumbwi haitoki, na bei ya samaki sokoni hupanda siku hiyo hiyo. Kutoka juu unaweza kuona mwenyewe ni mwalo gani umefungwa na upi uko wazi, nawe ukijua hivyo utajua pa kwenda kutafuta samaki ukishuka.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole Homa, Gembe, Ruri na Rusinga bila kuuliza.

## Hatua ya 8: Kushuka

Wanaoumia kilimani huumia wakishuka. Jishushe kwa uangalifu kuliko ulivyopanda, na uanze kabla ya saa 2 asubuhi, jua lingali chini.

Fuata njia uliyopandia. Hata kama unaona mji uko pale pale karibu upande wa pili, usishike njia mpya.

Kaza kamba za viatu hasa sehemu ya kifundo, ili vidole visigonge mbele. Piga hatua fupi. Magoti yalegee kidogo, yasinyooke kabisa. Mwili uwe juu ya miguu, usiegemee nyuma: anayeegemea nyuma kwa woga huweka uzito kisiginoni, kisigino kikateleza, akaanguka chali. Kwenye kokoto geuka ubavu, weka fimbo upande wa chini, shusha mguu wa chini kwanza, kisha ulete wa juu. Mguu wa juu usivuke mbele ya wa chini.

Kifundo kikipinda, kaa papo hapo. Usivue kiatu mara moja, maana uvimbe utakuzuia kukivaa tena. Funga bandeji juu ya soksi au juu ya kiatu, kunywa maji, mwegemee kijana wako mshuke polepole. Usipoweza kabisa kuukanyagia mguu, usilazimishe. Piga simu waje watu.

Umefaulu ukifika barabarani na magoti yanatetemeka kidogo tu, maji yamebaki angalau nusu lita, na bado hujapita saa 3 asubuhi. Mlipe kijana wako hapo, mkono kwa mkono, na umwambie "ero kamano".

## Hatua ya 9: Samaki

Baada ya kuoga na kubadilisha soksi, nenda ufuoni. Asubuhi ndipo mitumbwi iliyovua usiku inapakua.

Utakutana na majina matatu hasa: ngege, ndiye perege wa ziwani, mbuta, yule mkubwa mwenye minofu minene, na omena, dagaa wadogo wanaoanikwa. Kwa mtu aliyetoka kilimani mimi nasema ngege wa mchuzi, mzima na kichwa chake, na ugali wa mtama kama upo.

Mchague mwenyewe. Fungua kifuniko cha shavu: ndani pawe pekundu kama damu mbichi, si kahawia. Jicho liwe limejaa, jeusi linalong'aa, si lililozama na kuwa na utando mweupe. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba. Nyama irudi, isiache shimo. Harufu iwe ya ziwa. Mama muuzaji akikuona unafanya hivyo hakasiriki. Anajua umefundishwa, na mara nyingi atakuchagulia aliye bora zaidi.

Kula pale pale, kwa mkono, bila haraka.

Onyo moja: usitumbukize miguu ziwani hata kama joto limekuzidi. Maji ya ukingoni yenye majani ndipo wanapoishi konokono wanaobeba kichocho, na kwenye magugu kunaweza kuwa na viboko. Umewaona watoto wakioga? Nao wanaugua.

## Hatua ya 10: Ukibaki na nusu siku

Chagua kimoja tu. Anayechagua viwili huishia kuona barabara.

Rasi ya Homa. Inafaa ukipenda mambo ya kale. Ni kwenye rasi hii, Kanam na Kanjera, ambapo Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alichimba miaka ya 1930, na mwaka 2023 watafiti walitangaza zana za mawe kutoka Nyayanga zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Usiokote jiwe lolote, hata linaloonekana halina maana. Mabaki ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi, na jiwe likishatoka mahali pake hakuna mtaalamu anayeweza kulisoma tena.

Ruma. Ina eneo la kilomita za mraba 120, na ndiyo mbuga pekee nchini ambamo korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa mabaka meupe na meusi, bado anaishi porini. Unahitaji gari, na malipo hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla ya lango, kwa hiyo yakamilishe mjini penye mtandao. Usivae buluu wala nyeusi: rangi hizo huwavuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao bondeni imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Vaa kaki.

Rusinga. Barabara ya lami inakufikisha Mbita, kisha daraja linakuvusha kisiwani. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyeuawa Julai 1969, na kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Ukimaliza mapema unaweza kupanda feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno na kurudi Kisumu kupitia Ndori, badala ya kurudia barabara uliyojia. Ulizia saa za feri ukingali Homa Bay, maana ukiikosa ya mwisho utalala Mbita.

## Kurudi

Kwa wasioongeza kivutio, kuwa steji kabla ya saa 8 mchana. Magari yanayoondoka jioni hukimbizana na giza, tena msimu wa mvua hukimbizana na dhoruba.

Uliza tena kama linapitia Kendu Bay. Safari hii kaa upande wa kushoto, mkoba magotini, chupa ya maji karibu. Zile mbegu za nyasi zilizoganda kwenye soksi zitoe moja moja sasa hivi ukiwa garini. Zikikauka usiku kucha hazitoki bila kuchana uzi. Ukishavuka Kendu Bay geuka utazame nyuma kupitia dirishani: Mlima Homa utakuwa bado umesimama juu ya maji, na kama alasiri haijafunga mawingu utauona kwa muda mrefu.